Gauni Nililolikata kwa Kusema Yesi

Nyinyi mnaokuja kwangu Kinyinya kila Jumamosi kujifunza Kiingereza, na madaftari yenu, nawasikia mkiongea pale kibarazani mkidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Juzi mmoja wenu alisema, "Hapa Kigali tunapoteza muda tu. Ukifika Ulaya Kiingereza kinaingia chenyewe. Miezi mitatu, umemaliza." Wengine mkaitikia. Mimi nilikuwa ndani natafuta miwani, nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akaja kuniangalia kama niko sawa. Miezi mitatu, jamani. Mimi miezi mitatu ya kwanza nilijifunza kununua nyanya bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo leo fungeni madaftari. Nitawaeleza nilivyojifunza Kiingereza, na gauni la marehemu mmoja nililolikata kwa sababu ya kusema yesi. Anayetaka kucheka acheke. Nimeshazoea.

Wengine mnanijua kama Bibi Zuhura tu, mama mwenye nyumba. Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa mtaa wa Biryogo, hapahapa Kigali. Babu yangu alikuja huku na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa Mnyarwanda, ndiyo maana kwetu mtoto alikuwa anakemewa kwa Kiswahili na kubembelezwa kwa Kinyarwanda. Kiingereza hakikuwepo. Nimekaa kwenye cherehani zaidi ya miaka arobaini, na sita kati ya hiyo nilikuwa Uingereza, katika mji mmoja wa kaskazini ambako mvua hainyeshi kwa hasira kama yetu, inanyesha kwa mazoea.

Nilikwenda kwa sababu ya Idrisa, mwanangu wa kwanza, ambaye ni muuguzi kule. Mkewe alijifungua pacha, wakaniita nikalee. Pacha walipoanza kwenda chekechea, nikabaki natazamana na kuta. Vituo vichache vya basi kutoka kwetu kulikuwa na duka dogo la kurekebisha nguo, la mama mmoja wa Kipolandi anaitwa Halina, mtu mzima kama mimi, mwenye sauti ya kugomba hata akikusalimia. Idrisa alinipeleka, akaniombea kazi. Halina hakutaka maneno. Alinirushia suruali ya mwanamume na sindano, nikapandisha pindo kwa mkono palepale nimesimama. Akaigeuza nje ndani, akatafuta uzi unaoonekana, hakuuona. Basi, nikaanza Jumatatu.

Na hapo ndipo nikagundua kwamba mikono yangu ilikuwa imefika Ulaya lakini ulimi ulikuwa bado Biryogo.

Mnasema kule Kiingereza kiko hewani. Ni kweli kiko hewani, lakini hakuna anayekupa. Hapa mimi nikitoka nyumbani kwenda dukani kununua chumvi, nasalimiana na watu ishirini, kila mmoja ananiuliza habari za watoto, za magoti, za yule mbuzi aliyeuzwa mwaka jana. Kule nilipanda basi asubuhi limejaa watu, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya mashine inayotaja vituo. Nilikaa karibu na mama mmoja kila siku kwa majira mawili mazima ya mwaka. Tulikuwa tunasogezeana mikoba. Siku moja aliniambia kuna baridi leo, nikafurahi mno hata nikashuka kituo kisicho changu.

Hapa kwetu ukijaribu Kiingereza, watu wanakucheka. Hilo nalijua. Kabla sijaondoka, nilipokuwa na chumba changu cha kazi kule Nyamirambo, aliwahi kuja mgeni wa Kizungu nikajitutumua kumkaribisha kwa Kiingereza, na mafundi wenzangu wakalisema neno langu mtaa mzima mpaka mwezi ukaisha. Kule hakuna anayekucheka. Ukisema kitu kimepinda wanakuambia vizuri sana. Ukisema kingine kimevunjika kabisa, vizuri sana. Mwanzoni nikadhani mimi hodari. Ilinichukua muda kuelewa kwamba vizuri sana yao ni kama *turareba* yetu. Nyinyi mnajua Mnyarwanda akikwambia *turareba*, tutaona, basi amekwisha kukataa, ila hataki kukuumiza.

Tena kuna mambo ambayo hata ukiwa na maneno yake huna desturi yake. Mteja mmoja alileta sketi tuipanue kiunoni. Mimi nilikuwa nimeshajifunza maneno ya mwili darasani, kwenye somo la Kiingereza la bure lililokuwa maktaba ya mji, nikaona hii ndiyo nafasi. Nikampima, nikamtazama kwa furaha, nikamwambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba hongera, amenenepa. Hapa mtu angenishukuru, angesema ni mume ananitunza. Yule aliivuta tepu yangu kutoka kiunoni kwake kama anatoa nyoka. Halina aliniita nyuma ya pazia, akanigombeza kwa Kipolandi, kisha akaanza kucheka hadi akashika ukuta. Kumbe na kwao kijijini husema hivyohivyo.

Halina alikuwa amekuja kule msichana, akiwa hana neno, akajifunza kwa kusikiliza redio akishona. Kiingereza chake kilikuwa na mabonde na milima, lakini alikuwa anakitembelea bila woga. Kwa kitu kimoja tu tulikuwa tunagombana: mabaki. Yeye kila jioni alifagia vipande vyote vya nguo, vikaenda kwenye pipa. Mimi sikuweza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Ramadhani wa Biryogo, Mungu amrehemu. Mkali yule, alikuwa anatupiga vidole kwa rula ya mbao. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba kipande hakitupwi mpaka mwenye nguo ameivaa akatoka nayo mlangoni. Baada ya hapo kipande ni cha fundi, hiyo ndiyo desturi yetu, nusu ya mito ya Biryogo imejazwa na mabaki ya harusi za watu. Lakini kabla ya hapo ni amana. Basi mimi kwa Halina nilikuwa na mfuko wangu wa kitambaa chini ya meza, kila kipande nakikunja, nakifunga kwa uzi, nabandika karatasi yenye jina la mteja. Halina akipita anaupiga teke kidogo. "Zuhura, unafuga takataka?" Mimi nacheka tu, nasema yesi.

Sasa tuje kwenye hiyo yesi.

Nyinyi mnajua mtu mzima akikueleza jambo, unavyofanya. Hukai kimya kama gogo. Unaitikia: *yego, yego*, ndiyo, ndiyo. Ndivyo tulivyolelewa. Ile *yego* haina maana kwamba umekubali, wala kwamba umeelewa, ina maana kwamba niko hapa na wewe, endelea, nakuheshimu. Na mtu akijichosha kukueleza kwa uangalifu, halafu umwambie sijaelewa, ni sawa na kumwambia hujui kusema. Hasa mteja. Hasa mtu mwenye mvi. Mimi niliichukua *yego* yangu nzima, na heshima yake yote, nikaigeuza kuwa yesi, nikaanza kuigawa Uingereza kama peremende.

Jumatatu moja Halina alikwenda kung'oa jino. Nilikuwa peke yangu dukani. Akaingia mama mmoja mrefu, nywele nyeupe, jina lake Joan, amebeba gauni ndani ya shuka kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akalitandaza mezani. Gauni la hariri nzito, rangi ya majani ya chai yaliyokauka, limeshonwa kwa mkono, bitana ndani imetulia, hakuna mshono hata mmoja uliokimbia. Nilimheshimu fundi wake palepale bila kumjua.

Joan akaanza kunieleza. Alisema mengi na polepole, kwa upole, mkono wake umelala juu ya gauni. Nilishika mama. Nilishika amekufa. Nilishika harusi, binti yangu, Jumamosi. Alilivaa, nikaona mwenyewe lilikuwa kubwa kwake mbavuni na kiunoni. Nikatia pini, akajitazama kwenye kioo, macho yakamjaa machozi. Akaendelea kusema. Mimi *yesi, yesi*. Akanigeukia akaniuliza, "Umeelewa?" Yesi. Akasema tena jambo, akionyesha ubavuni kwa kidole, akauliza tena, "Una hakika umeelewa?" Yesi, mama, yesi. Alipofika mlangoni aliuliza mara ya tatu. Na mimi mara ya tatu nikaona aibu hata zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshasema mbili. Nikasema yesi nikitabasamu.

Niliifanya kazi ile kwa mapenzi. Nilifumua ubavu wote kutoka kwapani mpaka pindoni, kulia na kushoto, nikabana kwa kipimo cha pini. Halafu, kama nilivyofundishwa, ili gauni lilale vizuri lisifanye uvimbe kwa ndani, nikakata kilichozidi. Vipande viwili virefu, upana wa viganja viwili kila kimoja. Nikalitundika. Niseme ukweli, nilijisifu.

Alhamisi Halina akarudi kazini, shavu limevimba. Akalitoa gauni, akalitazama nje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaligeuza ndani. Akapapasa mshono wa ubavuni.

"Zuhura," akasema, "iliyozidi iko wapi?"

Nikamwambia nimeikata. Akaketi. Akanieleza kwa maneno mafupi na vidole, kama tulivyozoea sisi wawili, na safari hii nilielewa kila kitu. Joan alikuwa amempigia simu nyumbani siku ileile ya Jumatatu kuhakikisha, naye akamjibu kwamba Zuhura akisema ameelewa, ameelewa. Gauni lile halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la mama yao, na wao walikuwa ndugu wawili, yeye na mdogo wake, ambaye ni mnene. Joan angelivaa Jumamosi kwenye harusi ya binti yake, na wakati wa joto lingelegezwa tena, mdogo wake alivae kwenye harusi ya mwanawe. Ndivyo walivyoahidiana walipomzika mama. Kwa hiyo aliniambia, na akarudia, na akarudia tena: bana, lakini usikate.

Nimewahi kuharibu nguo, kila fundi amewahi, anayekataa ni mwongo. Unanunua kitambaa kingine, unaomba radhi, yanakwisha. Lakini mama wa watu amekufa, na aliyemshonea labda amekufa, na hariri ile haiuzwi tena popote. Nililia pale nikiwa nimeshika tepu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na nililia kama siku Fundi Ramadhani aliponipiga rula.

Halina hakunifukuza. Alisema, "Kesho anakuja kuchukua. Nitamwambia mimi." Nyumbani Idrisa naye akasema hivyohivyo: "Mama, wewe kaa. Nitapitia pale nikitoka zamu, nitaongea naye. Mimi Kiingereza changu kinatosha." Wote wawili walikuwa wema. Na shetani naye alikuwa na shauri lake. Aliniambia, gauni limemkaa Joan sawasawa. Jumamosi atafurahi. Mdogo mtu atagundua wakati wa joto, na wakati wa joto ni mbali, na wewe umri huu unaweza kurudi zako Kigali wakati wowote.

Nawaambia wazi kwamba nililifikiria shauri hilo, tena kwa muda mrefu, nikikoroga uji wa pacha. Kilichonizuia si ushujaa. Nilijiona ndani ya basi lile lisilo na sauti miaka mingine yote iliyobaki, nikisema yesi mpaka nife. Nikamwambia Idrisa, "Hapana, baba. Mdomo uliosema yesi ni wangu, ndio utakaokwenda." Akanitazama sana. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hapana kavu namna ile.

Ijumaa asubuhi nilifika dukani mapema. Nikachukua karatasi ya khaki tunayochorea vipimo, nikaandika kwa chaki maneno yangu ya Kiingereza. Halina alinisaidia mawili, mengine niliyajua siku zote, yalikuwa maneno ya darasa la kwanza. Nikayasoma kwa sauti mpaka chaki ikafutika kwa jasho la mkono. Joan akaingia na uso wa mtu mwenye harusi kesho.

Nikasimama mbele yake. Nikasema, "Mama Joan, sikuelewa. Nilisema yesi. Nilisema uongo. Nimekata gauni la mama yako. Nisamehe."

Hizo ndizo sentensi zangu za kwanza za Kiingereza. Nilikuwa nimekaa kule miaka mitatu, na kabla ya hapo nilikuwa natamka tu.

Joan alilishika gauni, akaingiza mkono ndani, akapapasa ubavu. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akalia bila sauti, wao hulia hivyo. Halina akageukia cherehani yake akajifanya anatunga uzi. Mimi sikujua la kufanya kwa desturi ya kule, nikafanya la kwetu. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye, nikamshika mkono. Kwetu mtu aliyefiwa humwachi alie peke yake, na yeye siku ile alikuwa kama amefiwa upya, na mimi ndiye niliyemletea msiba. Nilidhani atauondoa mkono wake. Hakuuondoa.

Baadaye akaniuliza, "Kwa nini ulisema yesi?"

Nikatafuta maneno. Nikasema, "Nchini kwangu yesi ni heshima."

Akasema jambo. Maneno marefu, yanakwenda haraka, sauti imekwama kwa machozi. Sikushika hata moja. Na nawaapia wanangu, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, ile yesi ilikuwa imekaa juu ya ulimi inasubiri kutoka. Nikaimeza. Nikasema, "Sijaelewa. Sema tena, tafadhali."

Akanitazama. Akafuta pua. Akasema tena, neno moja moja: "Vile vipande. Vilikwenda wapi?"

Nikainama chini ya meza, nikavuta mfuko wangu. Vilikuwa pale viwili, vimekunjwa, vimefungwa uzi, jina lake juu. Joan alivichukua akaviweka mapajani. Halina akageuka kwenye kiti chake, na tangu siku ile hakuupiga teke tena mfuko ule.

"Unaweza kuvirudisha?"

"Naweza," nikasema. "Lakini mstari utaonekana. Hapa, chini ya mkono. Siwezi kuuficha."

Akafikiri. Akasema kesho atalivaa lilivyo, halafu ataliacha kwangu. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilivirudisha vipande vile kwa mkono, sio kwa mashine, wiki mbili nzima, uzi wa hariri nilioutafuta rangi yake mpaka mji wa jirani. Mwezi wa saba mdogo wake akaja kulivaa, mama mnene, mcheshi, akanyanyua mkono mbele ya kioo, akauona mshono. Akasema jambo kwa Joan, wakacheka wote wawili. Nikauliza amesema nini, kwa sababu sasa nilikuwa nauliza kila kitu. Kumbe alisema mama yao naye alikuwa na mshono ubavuni, wa upasuaji, na alikuwa anauonyesha kila mgeni.

Joan alianza kuja dukani kila Jumatano kunywa chai na sisi. Yeye ndiye aliyenipa Kiingereza. Darasa la maktaba lilinipa majina ya vitu, sikatai, lakini Joan alinipa mtu wa kuongea naye. Na alikuwa na ujanja mmoja ambao nimeuleta mpaka hapa Kinyinya. Tangu gauni lile hakuniuliza tena kama nimeelewa. Alikuwa akimaliza kusema ananiuliza, "Zuhura, nimesema nini?" Hapo yesi haikusaidii kitu. Hapo inabidi utoe ulichonacho mfukoni, na kama huna, kila mtu anaona, mnaanza tena.

Chukueni hilo, ni ufundi. Ukimfundisha mtu, ukimwelekeza mtu njia, hata ukimwachia jirani mtoto, usiulize umeelewa. Kila mtu ameelewa duniani. Uliza nimesema nini.

Niliporudi Kigali nikawajaribia wateja wangu. Mama mmoja wa Ndera alileta kitenge, akanieleza mshono anaoutaka, mikono hivi, shingo hivi. Alipomaliza nikamwambia, "Ngoja, mama. Umesema mikono mifupi, shingo ya mviringo, na huku nyuma zipu. Ndivyo?" Akamtazama mwenzake. "Huyu *mukecuru*, bibi kizee huyu, Ulaya imemharibu masikio," akasema. Mtaa mzima ukajua kwamba Zuhura amerudi kiziwi. Vilevile nilikuwa nimejifunza kusema Ijumaa siwezi, njoo Jumanne. Hapa fundi hasemi siwezi, anasema kesho, na mteja anajua ni uongo, na wote wanaheshimiana. Walinikimbia wengine. Baadaye wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa sababu Jumanne nguo ilikuwa tayari, na mikono ilikuwa mifupi.

Kwa hiyo mkiniuliza kupi ni bora kujifunzia, huku au kule, mimi nitawajibu nilivyoona. Kule lugha iko, watu wa kuongea nao ndio kazi kuwapata. Huku watu wako tele, hata hawakuachi ulale, wanachokosa ni lugha tu, na hiyo inaletwa. Kule hawakucheki, na kwa hiyo hujui ulipokosea. Huku wanakucheka, na ukiwa na ngozi ngumu kidogo unajifunza kabla ya chakula cha mchana. Ugonjwa wa yesi lakini uko pande zote, mnapanda nao ndege na mnashuka nao. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha miaka mitatu.

Nawaambia haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Wengine hamkuwepo.

Uwase mnamjua. Kashona nami miaka miwili, na mwezi ujao anakwenda Kanada kwenye kiwanda cha nguo. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, kakisoma tangu shule ya msingi, anaandika barua mpaka naona wivu. Lakini ni mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, na kulelewa vizuri kwetu mnakujua. Yesi zake hazihesabiki.

Alikuja na kitambaa alichonunuliwa na mama yake, bluu nzuri, cha kushona suti ya safari. Akakitandaza mezani kwangu, akachukua mkasi. Mimi siku hiyo nilikuwa na roho ngumu, niseme ukweli. Nikasimama upande wa pili wa meza, nikamwelekeza pa kukata kwa Kiingereza, haraka, na mengi, kama Joan alivyosema siku ile akilia. Nilichanganya mbele na nyuma, kola na mfuko, acha hapa, kunja pale, na neno moja la muhimu nikalizamisha katikati.

"Yesi, Bibi," akasema.

Wenzake watano walikuwa wanatazama. Akaweka kitambaa sawa. Akafungua mkasi, akauingiza kwenye ukingo wa bluu ile. Mama yake aliinunua kwa kuuza mazao ya msimu mzima, mimi nilijua, na nilikuwa nimeapa moyoni sitasema neno. Kama atakata, akate hapa, kwangu, ambapo kuna mtu wa kulia naye. Mikono yangu nilikuwa nimeificha nyuma ili isimzuie.

Mkasi ukasimama.

Akauondoa polepole, akauweka juu ya meza. "Sori, Bibi," akasema kwa Kiingereza, na sauti ilikuwa ndogo. "Sijaelewa. Sema tena."

Wale watano wakaangua kicheko, kama kawaida yetu. Uwase naye akacheka, akifuta macho kwa kiganja. Mimi sikucheka. Nilizunguka meza, nikasimama karibu naye, nikachukua chaki, nikaanza kumwambia tena tangu mwanzo, polepole, neno moja moja, na kila neno nikalichora juu ya bluu.